Kusoma Chapa za Mitutu na Mirija ya Ndani ya Bunduki za Kale: Mwongozo kwa Mlaji

Utangulizi

Bunduki ya kale humfikia mlaji kwa njia nyingi. Wapo wanaoirithi kutoka kwa babu, wapo wanaoikuta juu ya dari wakati wa kukarabati nyumba ya ukoo, na wapo wanaoonyeshwa na mchuuzi wa vitu vya kale anayesema kuwa ni mali adimu isiyopatikana tena. Katika hali zote hizo maswali ni matatu: Je, kitu hiki ni nini hasa? Thamani yake ni ipi? Na je, ni halali na salama kuwa nacho?

Majibu ya maswali hayo huanzia kwenye alama ndogo zilizogongwa katika chuma cha mtutu, ambazo wengi huzipita bila kuzitazama. Alama hizo zinaweza kueleza mtutu ulijaribiwa mji gani, katika kipindi gani, na kwa ukubwa gani wa tundu. Zinaweza pia kufichua jambo ambalo muuzaji hakulisema, kwa mfano kwamba ndani ya mtutu wa zamani umepachikwa mrija mwingine mwembamba, na kwamba kinachouzwa kama pambo la ukutani ni silaha inayoweza kufyatua risasi za siku hizi.

Makala haya yameandikwa ili kumsaidia mlaji kuzisoma alama hizo kabla ya kutoa fedha. Hayakusudiwi kumfundisha mtu kuirudisha bunduki ya kale kazini, na hayachukui nafasi ya mtaalamu wala ya Jeshi la Polisi.

Kabla ya kuigusa

Bunduki za kushindilia, ambazo wengi tunaziita magobori, zina hatari ambayo haionekani kwa macho. Baruti na risasi huingizwa kupitia mdomo wa mtutu, na mwenye silaha aliweza kuiweka ikiwa imeshindiliwa tayari kwa ajili ya mnyama au adui. Akifariki kabla ya kuifyatua, shehena hiyo hubaki ndani. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haipotezi nguvu kwa sababu ya umri peke yake. Kwa hiyo kila bunduki ya kale ichukuliwe kuwa imeshindiliwa mpaka mtu mwenye ujuzi athibitishe vinginevyo.

Usiichungulie mdomoni. Usiielekeze kwa mtu. Usivute mtambo wala kifyatulio ili kuona kama bado kinafanya kazi. Usijaribu kuitoa shehena kwa chuma, kwa maji ya moto wala kwa moto. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, ueleze kuwa silaha ni ya kale na kwamba hujui kama ina shehena, kisha uache wenye ujuzi waifuate ilipo. Hatua zote zinazofuata katika makala haya zinahusu bunduki iliyokwisha kuthibitishwa kuwa tupu.

Chapa ni nini, na nani aliyeigonga?

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa kila herufi iliyo kwenye mtutu ni jina la mtengenezaji. Kwa kweli chapa ni za aina nne, na kila moja iligongwa na mkono tofauti kwa sababu tofauti.

Ya kwanza ni jina la muuzaji au kiwanda, ambalo kwa kawaida huandikwa juu ya mtutu au kwenye bamba la mtambo. Ya pili ni herufi za mfua mtutu, yaani fundi au kiwanda kilichotengeneza bomba la chuma na kuliuza kwa mwenye duka. Ya tatu ni alama za mali ya serikali, zinazopatikana katika silaha za majeshi. Ya nne, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote kwa mlaji, ni chapa ya majaribio.

Chapa ya majaribio ilitokana na haja ya kumlinda mnunuzi. Mtutu uliofuliwa vibaya hauonekani kuwa mbaya. Hasara yake hujulikana siku unapopasuka mkononi mwa mwenye nao. Kwa sababu hiyo miji yenye viwanda vya bunduki iliweka nyumba za majaribio, ambamo kila mtutu ulifyatuliwa kwa shehena kubwa kuliko ile ya matumizi ya kawaida, kisha ukakaguliwa. Uliostahimili uligongwa chapa. Uliopasuka au kuvimba ulikataliwa. London ilikuwa na chama cha watengeneza bunduki kilichopewa hati na Mfalme Charles I mwaka 1637. Liège, katika Ubelgiji ya leo, ilianza utaratibu wake mwaka 1672. Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Huo ulikuwa uthibitisho wa ubora uliowekwa kwa nyundo, kabla ya kuwapo kwa vibandiko na vyeti vya karatasi tunavyovijua leo.

Hata hivyo, chapa hiyo ilithibitisha hali ya mtutu siku ile ulipojaribiwa tu. Haisemi lolote kuhusu kutu, nyufa na mikwaruzo iliyofuata baada ya hapo.

Mahali pa kutazama

Bunduki ya kale ishikwe na fundi mwenye leseni, kwa kuwa chapa nyingi zimefichwa chini ya mbao za kitako na za mkono wa mbele. Maeneo ya kukagua ni haya:

1. Juu ya mtutu na kwenye utepe wa chuma unaounganisha mitutu miwili: hapa huwa jina la muuzaji na mji wake.

2. Pande na chini ya mtutu karibu na mwisho wa nyuma: hapa ndipo zilipo chapa nyingi za majaribio na namba za ukubwa wa tundu.

3. Chini ya mtutu, mahali panapofunikwa na mbao: hapa hupatikana herufi za mfua mtutu.

4. Bamba la mtambo: hapa huwa jina la kiwanda, taji, au mwaka.

5. Mdomo wa mtutu, na mwisho wa nyuma unapofunguka: hapa ndipo dalili za mrija wa ndani huonekana.

Tumia kioo cha kukuzia na tochi iliyolazwa ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Alama iliyofifia huonekana kwa kivuli chake. Unaweza pia kulaza karatasi nyembamba juu ya alama na kuisugua taratibu kwa ubavu wa penseli. Usitumie msasa, tindikali, wala brashi ya waya. Anayeisugua bunduki ya kale mpaka ing'ae huondoa kwa saa moja ushahidi uliodumu zaidi ya karne moja, pamoja na sehemu kubwa ya thamani yake.

Chapa za Uingereza

Bunduki nyingi zilizofika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 zilipitia Zanzibar. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma, zile za kushindilia zilizoachwa ziliuzwa kwa wingi nje, Afrika ikiwa miongoni mwa masoko yake makubwa. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia kuingizwa kwa bunduki zenye mifereji ya msokoto na zinazojazwa kwa nyuma katika ukanda wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 Kaskazini na nyuzi 22 Kusini, ila kwa masharti maalumu. Ndiyo maana bunduki za gumegume na za fataki ziliendelea kutumika katika nchi zetu muda mrefu baada ya kusahauliwa kwingineko.

Chapa za London ni mbili: herufi GP zilizofumana chini ya taji, na herufi V chini ya taji. Ya kwanza huonyesha majaribio na ya pili ukaguzi. Chapa za Birmingham tangu 1813 hadi 1904 ni fimbo mbili za kifalme zilizopishana kama msalaba wa mshazari, zikiwa na taji. Chapa moja ina herufi BPC na nyingine ina V. Kuanzia mwaka 1904 Birmingham ilitumia BP na BV, kila moja chini ya taji. Herufi NP huashiria kuwa mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Katika chapa ya London, herufi hizo huwa chini ya mkono ulioshika upanga uliopinda.

Tofauti kati ya baruti nyeusi na baruti isiyo na moshi si jambo dogo. Shinikizo la baruti ya kisasa ni kubwa zaidi, na mtutu uliojaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake haukuandaliwa kulihimili.

Kwenye baadhi ya bunduki za miaka ya 1870 na 1880 utakuta maneno NOT FOR BALL. Maana yake ni kwamba mtutu umebanwa mdomoni kwa ajili ya marisawa, na haufai kufyatulia risasi moja nzima.

Neno TOWER likiwa na taji kwenye bamba la mtambo huwahadaa wengi. Asili yake ni ghala la silaha la serikali katika Mnara wa London, lakini viwanda vya Birmingham vililigonga pia kwenye bunduki za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara ya Afrika. Kwa hiyo neno hilo peke yake halithibitishi kuwa bunduki ilikuwa ya jeshi la Uingereza. Mali ya serikali hutambulika zaidi kwa alama ya mshale mpana. Mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha humaanisha kuwa silaha iliondolewa kazini na kuuzwa.

Chapa za Ubelgiji

Liège ilikuwa karakana kubwa ya bunduki za biashara duniani. Chapa yake ni herufi ELG zikiwa na nyota chini yake, zote ndani ya duara refu kama yai. Chapa hiyo ilianza kutumika baada ya amri ya serikali ya Napoleon ya mwaka 1810. Mwaka 1893 iliongezwa taji juu ya yai. Hivyo mlaji anaweza kuigawa karne nzima mara mbili kwa kutazama jambo moja: yai lisilo na taji ni la kabla ya 1893, na lenye taji ni la mwaka huo au baadaye.

Chapa hii ndiyo inayofichua udanganyifu mwingi. Baadhi ya viwanda vya Ubelgiji viliandika juu ya mitutu majina yanayofanana na ya mafundi mashuhuri wa Uingereza. Mfano unaojulikana ni W. Richards, jina linalomfanya mnunuzi amfikirie Westley Richards wa Birmingham. Muuzaji atakuonyesha jina lililo juu. Wewe mwombe fundi afungue mbao uone kilicho chini. Ikiwa chini kuna yai la ELG, mtutu huo ulijaribiwa Liège, na jina la Kiingereza lililo juu lisikupandishie bei kabla ya kuthibitishwa.

Chapa za Ujerumani

Ujerumani ilitunga sheria ya majaribio ya mitutu mwaka 1891, nayo ikaanza kutumika mwaka 1893. Chapa zake ni herufi moja moja, kila moja chini ya taji. B ni ya majaribio, U ni ya ukaguzi, G ni ya mtutu wenye mifereji ya msokoto, S ni ya mtutu wa marisawa, na W ni ya mtutu uliobanwa mdomoni. Sheria mpya ya mwaka 1939 iliondoa taji na kuleta tai. Bunduki nyingi za uwindaji za Kijerumani za karne ya 20 zina pia tarakimu za mwezi na mwaka wa majaribio, kwa mfano 3 kisha 12, yaani Machi 1912.

Silaha za kijeshi zilifuata utaratibu mwingine. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye tundu la milimita 11, ambayo ilibebwa na askari wa Schutztruppe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, huwa na jina la kiwanda kama Spandau, Amberg au Danzig, pamoja na mihuri midogo ya wakaguzi wa jeshi.

Namba za tundu

Namba 12, 16 au 20 iliyogongwa kwenye mtutu wa marisawa si milimita wala inchi. Ni hesabu ya risasi za duara zinazopatikana kutokana na ratili moja ya risasi, kila moja ikiwa na upana wa tundu hilo. Ratili ikigawanywa katika risasi 12, kila moja huwa na upana wa karibu milimita 18.5. Ikigawanywa katika 16, upana ni karibu milimita 16.8, na katika 20 ni karibu milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikikua tundu hupungua. Mitutu ya Ubelgiji mara nyingi huonyesha upana kwa milimita moja kwa moja.

Namba hii ni kipimo cha ukweli wa muuzaji. Fundi akipima tundu kwa kalipa, kipimo kinapaswa kukaribiana na namba iliyogongwa. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, mtutu umechongwa ndani ili kuondoa kutu, na kuta zake zimekuwa nyembamba kuliko zilivyojaribiwa. Kikiwa kidogo kwa kiasi cha milimita moja hivi mdomoni tu, huenda ni ule mbano wa kawaida wa marisawa. Lakini kikiwa kidogo mno, kwa mfano milimita 5.6 mahali palipoandikwa 12, basi ndani yake kuna mrija.

Mirija ya ndani

Mrija wa ndani ni bomba la chuma, jembamba kuliko mtutu, linalopachikwa ndani yake ili bunduki kubwa ifyatue risasi ndogo. Ulibuniwa kwa ajili ya mafunzo: risasi ndogo ni rahisi kwa bei, haina kishindo kikubwa, na huweza kutumika katika uwanja mfupi. Mlaji akutane na aina tatu.

Aina ya kwanza ni mrija unaotoka. Mashuhuri zaidi ni ule wa Richard Morris wa London, uliotumiwa na jeshi la Uingereza tangu miaka ya 1880 ndani ya bunduki za Martini-Henry. Ulifyatua risasi ndogo iliyotengenezwa mahususi, ijulikanayo kama .297/230 Morris. Ujerumani nako, kati ya vita viwili vya dunia, kiwanda cha Erma cha Erfurt kilitengeneza mirija ya milimita 5.6 kwa ajili ya bunduki za Mauser. Kwa mirija ya aina hii, jina la mtengenezaji na namba hutafutwa kwenye mrija wenyewe, hasa mwisho wake wa nyuma na kwenye kola au nati ya mdomoni. Haziwezi kuonekana mpaka mrija utolewe. Kwa hiyo mwuzaji anayedai kuwa na mrija wa Morris aombwe autoe fundi akiwapo.

Aina ya pili ni mrija uliounganishwa moja kwa moja. Mtutu wa zamani uliochakaa huchongwa ndani, kisha bomba jipya hutiwa na kuunganishwa kwa risasi ya kulehemu. Kampuni ya A.G. Parker ya Birmingham, ambayo baadaye ilijulikana kama Parker-Hale, ilijipatia sifa kwa kazi hiyo katika tundu la inchi .22. Hapa jina la Parker kwenye mtutu ni jina la aliyeutia mrija. Bunduki yenyewe huenda ilitengenezwa na mwingine, miaka mingi kabla. Mlaji asichanganye majina hayo mawili.

Aina ya tatu ni kipande kifupi kinachokaa sehemu ya nyuma tu, mahali pa risasi. Hiki hutoka kwa urahisi na hupotea kwa urahisi, na mara nyingi huuzwa peke yake bila bunduki.

Dalili za mrija ni hizi: mdomoni huonekana duara mbili, moja ndani ya nyingine, mara nyingi kwa rangi tofauti za chuma, kuna mstari mwembamba wa maunganisho, mifereji ya msokoto inaonekana ndani ya mtutu ulioandikwa namba ya marisawa, au chapa za majaribio za vipindi viwili vilivyo mbali zimegongwa kwenye bunduki moja. Dalili hiyo ya mwisho si kosa. Mrija uliotiwa kihalali Uingereza au Ujerumani ulipaswa kujaribiwa upya, na chapa mpya ndiyo ushahidi wake. Linalotia shaka ni mrija usio na chapa yoyote.

Usichanganye mrija na mtutu uliobadilishwa kwa nje. Katika bunduki za Uingereza zenye mitutu miwili, mafundi waliweza kuukata mtutu uliochakaa, wakabakiza sehemu ya nyuma na kuungia mabomba mapya mbele. Kazi hiyo huonyeshwa kwa neno SLEEVED. Muuzaji asiyelitaja neno hilo hakukueleza hali kamili ya bidhaa yake.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Mrija hubadilisha bunduki katika mambo matatu kwa mpigo. Kwanza, hupunguza thamani yake kama kumbukumbu, kwa kuwa mtutu si tena ule uliotoka kwa fundi wa awali. Pili, hubadilisha usalama wake, kwa kuwa risasi ya kisasa huingia katika mtambo uliochoka. Tatu, hubadilisha hadhi yake kisheria. Uingereza, kwa mfano, huziachia leseni silaha fulani za kale zinazowekwa kama mapambo. Kanuni za mwaka 2021 zinataka silaha hiyo iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939, na ile inayotumia risasi maalumu iwe ya aina iliyoorodheshwa kuwa imepitwa na wakati. Mtu aliyenunua bunduki ya kale huko akidhani ni pambo, kumbe ndani ina mrija wa .22 ambao risasi zake huuzwa hadi leo, anaweza kujikuta anamiliki silaha bila leseni.

Kwetu tahadhari ni kubwa zaidi. Tanzania Bara, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni. Kenya inasimamia jambo hilo kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukale wa bunduki si leseni, na urithi si leseni. Anayetaka kuingiza au kutoa nchini bunduki ya kale aanze kwa Polisi na Forodha, na kwa anayeitoa, aulize pia Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kufunga mzigo.

Dalili za udanganyifu

Chapa inaweza kughushiwa. Tafuta mambo haya:

1. Tarehe isiyolingana na mfalme. Herufi VR ni za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. Bunduki ya Martini yenye VR na mwaka 1906 ni ya kughushi. Nakala za namna hii zilifuliwa kwa mikono katika mpaka wa Afghanistan na India ya wakati huo, na baadhi zina herufi N iliyogeuzwa.

2. Jina la nchi kwa Kiingereza kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha zamani mno. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingizwa nchini humo zionyeshe nchi zilikotoka. Bunduki yenye maneno MADE IN BELGIUM kwa kawaida haitangulii kipindi hicho.

3. Chapa iliyo kali na safi juu ya chuma kilicholiwa na kutu. Chapa ya asili huzeeka pamoja na chuma chake. Kutu inapaswa kupita ndani ya herufi pia.

4. Michoro ya mawimbi isiyofika chini ya mbao. Mitutu mingi ya karne ya 19 ilifuliwa kwa vipande vya chuma na pua vilivyosokotwa pamoja, na mawimbi yake ni ya chuma chenyewe. Mawimbi yanayokoma pale mbao zinapoanza yalichorwa juu ili kupamba chuma cha kawaida. Iwe ya kweli au ya kuchorwa, mitutu hiyo isifyatuliwe.

5. Muuzaji anayekataa mbao zisifunguliwe. Kukataa huko kunatosha kukuzuia kulipa.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, mtutu usio na chapa yoyote hauna thamani? Si lazima. Magobori yaliyofuliwa na wahunzi wa nchini hayakupitia nyumba ya majaribio, nayo yana historia yake. Lakini hayana uthibitisho wowote wa uimara, na yanahitaji leseni kama silaha nyingine.

Je, nikikuta chapa ya majaribio, naweza kuifyatua? Hapana. Chapa ya mwaka 1890 ni ushahidi wa mwaka 1890.

Nimerithi bunduki ya marehemu mzee wetu; je, nikiipeleka polisi nitakuwa nimejishtaki? Wahi kutoa taarifa wewe mwenyewe, ukieleza ulivyoipata, na uambatanishe nyaraka za mirathi pamoja na leseni ya marehemu kama ipo. Anayetoa taarifa kwa hiari huwa katika nafasi bora kuliko anayekutwa nayo. Serikali pia imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Ikiwa familia inaona bunduki ina historia, ieleze hivyo kwa maandishi na iulize utaratibu wa kuihifadhi makumbusho.

Kabla ya kulipa

Hakikisha umeyapata yote haya: uthibitisho kuwa silaha ni tupu, leseni ya muuzaji na kibali cha kuhamisha umiliki, picha za kila chapa na mahali ilipo, kipimo cha tundu mdomoni na nyuma, kikilinganishwa na namba iliyogongwa, kauli ya maandishi ya muuzaji kuhusu mrija wa ndani, kama upo au haupo, na stakabadhi inayotaja bunduki kwa chapa zake, si kwa sifa za jumla kama "ya kale" au "ya Kiingereza".

Kauli ya maandishi ina faida ya pekee. Anayeuza kwa mdomo anaweza kukana kesho. Aliyeandika kuwa mtutu ni wa London, kisha yai la ELG likaonekana chini ya mbao, amekuachia ushahidi wa kudai haki yako mbele ya vyombo husika.